Shairi lililonipa jina si langu. Deni hili linalipwaje baada ya miaka 17?

#1 Mwalimu_wa_Mafinga
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanihukumu.

Miaka 17 iliyopita nilikuwa kidato cha sita, shule ya bweni ya wasichana huku huku nyanda za juu. Nililala kitanda cha chini. Juu yangu alilala binti mmoja wa Makambako, mkimya sana. Umeme ukikatika alikuwa anatoa kaunta buku lake na kipande cha penseli, anaandika kwa mwanga wa koroboi. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ile mnaijua, tumejifunga kanga juu ya sweta. Usiku mmoja akanishushia lile daftari: "Soma, uniambie." Lilikuwa shairi la beti saba, la mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu, anayepungia mabasi yasiyosimama. Nililia.

Haikupita muda walimu wakatangaza shindano la mashairi kwa ajili ya mahafali. Yeye alikuwa amerudishwa nyumbani kufuata ada, na daftari lilikuwa kwangu. Nilinakili kwa mwandiko wangu, nikaweka jina langu, nikashinda. Nilipewa kamusi na shilingi elfu ishirini, na siku ya mahafali nikalighani mbele ya mgeni rasmi. Wazazi wakasimama kunipigia makofi.

Yeye alirudi asubuhi ile ile. Nilimwona amekaa benchi la nyuma kabisa, begi lake bado liko miguuni. Baada ya sherehe alichukua daftari, akapanda kitandani kwake. Hakusema neno. Hadi tunamaliza mitihani hakunishushia tena kitu.

Baba yangu aliamua nisomee ualimu wa Kiswahili kwa sababu ya siku ile. Shairi nimelipiga chapa, limebandikwa ukutani ofisini kwetu, na wanafunzi wananiomba nilighani kila mahafali. Na tangu siku ile sijatunga hata ubeti mmoja. Mstari mzuri ukinijia, najiuliza nimeutoa wapi. Mtu akinisifu kwa kazi niliyoifanya kweli, siamini.

Nifanye nini? Na je, kuna namna ya kulilipa deni hili bila kumtonesha yeye kidonda?

#2 Kande_Moto
Mtafute, umwombe radhi. Mengine yote ni maneno.

#3 Mtoto_wa_Tazara
Dada, unajitesa. Nani kati yetu hakudesa? Shule zetu zilitulea kwenye kunakili. Mwalimu anajaza ubao, wewe unajaza daftari, mtihani ukija unarudisha neno kwa neno unapata mia. Mimi darasa la sita niliwahi kujibu kwa maneno yangu mwenyewe, nikapigwa mstari mwekundu: "Hukufuata nilivyoandika." Mtoto aliyelelewa hivyo miaka kumi na tatu, utamwambia leo kwamba maneno yana mwenyewe?

#4 Binti_Tukuyu
#3 hapana kaka yangu. Ya ubaoni kila mtu darasani anajua ni ya mwalimu, hakuna anayesimama kusema aliyatunga yeye. Mwalimu_wa_Mafinga mwenyewe alijua. Kama hakujua, kwa nini hakumtaja mwenzake jukwaani? Lawama si zote za shule.

Lakini nakupa pole mwalimu. Kulitoa hadharani si kazi ndogo.

#5 Wakili_Sokomatola
Niseme ya kisheria kidogo maana naona yatakuja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inampa mtunzi haki za aina mbili. Kuna haki za kiuchumi, yaani kuchapisha, kuuza, kutafsiri, na kupata chochote kinachotokana na kazi hiyo. Na kuna haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na kazi yake isikatwekatwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Elfu ishirini zile ni za kundi la kwanza, ni ndogo. Jina ni la kundi la pili, na hapo ndipo ulipogusa.

#6 Kande_Moto
Wakili, lakini yule binti hakusajili shairi lake popote. Lilikuwa kwenye kaunta buku, tena kwa penseli. Sheria inamjuaje? Si lazima uende kwanza Chama cha Hakimiliki?

#7 Wakili_Sokomatola
Hapana. Watu wengi wanakosea hapo. Ulinzi unaanza kazi inapotungwa, basi. Usajili unasaidia kuthibitisha mkigombana, lakini hakimiliki haitoki kwenye usajili. Penseli na koroboi vinatosha kabisa. Halafu siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki, jina la Chama limebadilika, ingawa kifupi chake ni kile kile COSOTA. Na sheria ile ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

#8 Mtoto_wa_Tazara
Kwa hiyo Shaaban Robert aliyefariki 1962, ukijumlisha 50 unafika 2012. Ina maana sasa naweza kuchukua shairi lake nikaweka jina langu?

#9 Binti_Tukuyu
Unaweza kulichapisha. Kuwa mtunzi wake huwezi, hata ipite miaka elfu.

#10 Steshenari_Mlandege
Wakuu, mimi nina steshenari, nachapa ripoti na tasnifu za wanafunzi mwaka wa tisa sasa. Nizungumze ninachokiona kwa macho.

Mwanafunzi anakuja na flashi. Ndani kuna ripoti ya mtu mwingine wa miaka mitatu nyuma, utafiti uliofanyika Mbeya. Ananiambia: "Bro, badilisha kila penye Mbeya uweke Iringa." Kompyuta haina akili ya kuchagua, inabadilisha yote. Mlima Mbeya ukawa Mlima Iringa. Wakulima wa Uyole wakahamia Iringa pamoja na Ziwa Ngosi lao. Uwanja wa ndege wa Songwe ukabaki pale pale, ila sasa uko Iringa. Aliipeleka hivyo hivyo. Msimamizi wake alifungua ukurasa wa nne tu akamwita.

Siku ile nilirudi nyumbani sina raha, maana vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyangu na pesa nilipokea. Tangu hapo nakataa. Najua anakwenda duka la pili, lakini nakataa. Na yule mwenye ripoti ya kwanza nilimkumbuka vizuri, alikuwa anakuja dukani viatu vimejaa tope kwa sababu wakulima wake alikuwa anawafuata shambani kwa miguu. Kurasa zake zote zilikuwa na ile miguu. Mwenzake alitaka kuchukua safari ile kwa shilingi elfu tano yangu ya kuchapa.

#11 Mzee_wa_Sauti_ya_Nne
Kamweneni nyote. Mimi ni wa kwaya, naimba besi tangu ujana.

Mwalimu wetu wa kwaya, marehemu sasa, alitunga wimbo wa mavuno. Aliuandika kwa noti za herufi, zile do, re, mi, sauti nne, kwenye karatasi moja ya mistari, na kwenye kona ya juu kulia aliweka herufi mbili za jina lake na neno "mtunzi". Karatasi ile iliazimwa na kwaya ya usharika mwingine. Miaka miwili baadaye tukausikia wimbo kwenye kanda yao, mtunzi ametajwa mtu mwingine. Mwalimu alinyamaza. Sisi wanakwaya ndio tuliokwenda kudai karatasi.

Tulirudishiwa. Mimi ndiye niliyeipokea kwa mikono hii. Kona ile ya juu ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, polepole, mtu hakuwa na haraka. Ukiishika kwenye dirisha mwanga unapenya pale tu, sehemu nyingine zote karatasi ni nzito. Mwalimu aliitazama, akachukua kalamu, akataka kuandika tena jina lake, wino ukatawanyika kwa sababu karatasi ilikuwa imelainika. Akaiacha.

Sijui aliyekwangua alikuwa anawaza nini. Wengine kwenye kwaya yetu walisema ni tamaa ya kurekodi. Wengine walisema yule bwana alishindwa kutunga kwa miaka mingi na usharika wake ulikuwa unamsubiri, akaogopa kuonekana amekauka. Mimi naamini la pili, lakini siwezi kuliapia.

#12 Binti_Tukuyu
Mzee #11, ndaga fijo, asante sana. Nimesoma mara mbili hapo penye wembe.

#13 Kijana_wa_Kalenga
Mimi nina wazo tofauti kidogo. Sisi tumekua kwenye hadithi zisizo na mwenyewe. Bibi akisimulia sungura na fisi, haulizwi nani alitunga. Hapa Kalenga wazee wanasimulia habari za Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, waandishi wanakuja, wanakunywa ulanzi wetu, ile pombe ya mianzi, wanaandika vitabu, majina ya wazee hayamo. Mbona hapo hakuna anayelia wizi? Fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1956, kila mtu anaandika hivyo, nani alipwe?

#14 Mwalimu_Mstaafu_Kihesa
Ni 1954, mwanangu, mwezi wa sita. Na mwaka huo hauna mwenyewe kweli, kama ulivyo 1898 alipokufa mwenyewe Mkwawa. Tukio ni la wote. Lakini mzee wako wa Kalenga akikaa akakusimulia kwa mpangilio wake, akachagua aanzie wapi, akakuonyesha kwa mkono namna babu yake alivyoishika bunduki, huo usimulizi ni wake. Wewe mwenyewe unaona waandishi wanakosea kutowataja, umeandika hapo juu kwa uchungu. Basi uchungu huo ndio mada ya mwalimu wa Mafinga.

Na hata bibi, msikilize vizuri. Bibi yangu hakuanza hadithi bila kusema: "Hii alinipa mama mdogo wa Ifunda."

Watu wa pwani walikwenda mbali zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazunguka akiyakusanya, akamsaidia Mwingereza Taylor kuyaandika. Diwani ikaja kuchapishwa 1940. Sasa fikirini, Sikujua mwenyewe alikuwa mjuzi wa mashairi, na Muyaka alikuwa kaburini hawezi kudai. Angeweza kuyafanya yake na nani angejua? Aliyaacha kuwa ya Muyaka. Karibu miaka mia mbili leo tunamtaja Muyaka kwa sababu ya uaminifu wa mtu ambaye wengi hawamjui.

#15 Mgema_wa_Ipogolo
Kwa kuwa ulanzi umetajwa. Sisi tunagema asubuhi na jioni. Ukikuta mbeta yako, kile chombo cha kukingia ulanzi, imeinuliwa na kumwagwa kwenye dumu la mtu, unaumia, lakini ulanzi kesho unatoka tena. Kinachouma ni kumkuta kilabuni anasifiwa kwa ugemaji. Hapo hawezi tena kukwambia "samahani nilikuwa na kiu".

#16 Msomaji_Gangilonga
Mnaosema madhara ni madogo, someni habari za Yambo Ouologuem wa Mali. Mwaka 1968 alitoa riwaya Ufaransa, akapewa tuzo ya Renaudot. Baadaye ikaonekana kuna sehemu zinazofanana mno na za Graham Greene na za André Schwarz-Bart. Kitabu kikaondolewa sokoni. Yeye alirudi Mali, akajifungia na dini yake, hakuandika tena riwaya kwa Wafaransa, hakutaka mahojiano. Alifariki 2017. Nusu karne ya kimya kwa mtu mwenye kipaji kile. Mwalimu, uliposema hujatunga ubeti tangu siku ile, nilimkumbuka yeye.

#17 Mwalimu_Mstaafu_Kihesa
Ongeza na upande wake. Yeye alisema mswada wake ulikuwa na alama za kunukuu na kwamba wachapishaji ndio walioziondoa. Na wapo wahakiki wanaotetea kwamba alikuwa anashona vipande vya wengine kwa makusudi, kama sanaa. Mimi sijaamua. Ila ona, hata wanaomtetea wanatumia muda wote kueleza alama za kunukuu, na riwaya yenyewe inabaki pembeni.

#18 Msomaji_Gangilonga
Nakubali mwalimu, nilisahau hilo la alama. Na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo ile, ndiyo maana kuanguka kwake kulitumiwa kutusema wote.

#19 Ustadhi_Kabwe
Kwetu Waislamu, dhambi kati yako na Mungu unatubu, inaisha. Haki ya mja haiishi kwa toba peke yake, lazima umrudishie mwenyewe au akusamehe. Kwa hiyo hata ulie usiku kucha, bado uko pale pale mpaka umfikie yule dada.

#20 Mzee_wa_Sauti_ya_Nne
Na kwetu Zakayo alisema atarudisha mara nne. Lakini Ustadhi, jina unalirudishaje mara nne?

#21 Kande_Moto
Nilisema tangu #2. Mtafute.

#22 Malenga_Mwanjelwa
Niulize kitu cha ufundi, mwalimu, usinielewe vibaya. Umesema beti saba. Washairi wengi wa jadi hufunga kwa kaditama, mtunzi anajitaja jina na pengine na mji wake, kama mtu anayepiga muhuri. Binti anayetunga kwa ustadi uliousema, kwenye koroboi, hakufunga shairi lake? Lile la ukutani ofisini kwenu linaishaje?

#23 Mtoto_wa_Tazara
Malenga, si kila mtu anajitaja bwana. Mashairi mengi ya siku hizi hayana.

#24 Malenga_Mwanjelwa
Kweli, si kila mtu. Nimeuliza tu. Na kwa kuwa nimeingia, niache ubeti:

*Kalamu haiazimwi, wala wino hauibwi,*
*Jina lake halizimwi, kwa mbeleko halibebwi,*
*Kinywa chake hakifumwi, hata koo halizibwi,*
*Mtunzi yu hai bado, muulizeni aseme.*

#25 Steshenari_Mlandege
Nimehesabu kwa vidole, nane kwa nane zimetimia. Huu nauchapa nabandika dukani, Malenga. Jina lako la hapa nitaliweka chini.

#26 Mwalimu_wa_Mafinga
Asanteni wote. Nimesoma yote, mengine nimeshindwa kuyajibu.

Malenga #22, umenifikia. Shairi lilikuwa na beti nane. Ubeti wa nane alijitaja, jina lake na Makambako. Niliuacha. Sikuwahi kumwambia mtu hili, na hata hapa nilipoanza uzi niliandika saba bila kufikiri, mkono umeshazoea. Mzee #11, wembe ule wa kwaya ninaujua.

Nimepata namba yake kwa mtu tuliyesoma naye. Yuko Makambako, ana watoto watatu, anafanya biashara ya viazi.

#27 Dada_wa_Njombe
Kabla hujapiga, nikuombe ufikirie. Pengine yeye alishasahau, ana maisha yake. Unampigia ili apate nini? Au ni wewe unayetaka kulala usingizi? Mimi niliwahi kuombwa radhi kwa jambo la zamani, mwenzangu akakata simu mwepesi, mimi nikabaki nalo wiki nzima.

#28 Ustadhi_Kabwe
Dada #27 nakuelewa, lakini hatuwezi kumwamulia kwamba amesahau. Hiyo nayo ni kumsemea.

#29 Dada_wa_Njombe
Hapo sawa. Ila asimlazimishe kusamehe.

#30 Mwalimu_wa_Mafinga
Nimepiga jana jioni. Nawaletea kama ilivyokuwa.

Nilijitambulisha, akanikumbuka mara moja, akaniita kwa jina la bwenini. Nikasema yote bila kusimama. Alinyamaza, nikasikia lori likipita kwake. Akasema: "Siku ile nilisubiri ubeti wa nane. Ulipofika wa saba nikasema sasa anautaja. Ukainama, watu wakapiga makofi." Halafu akausoma wote kwenye simu, bila kukwama.

Nikamwambia nasikitika. Akaniuliza: "Gunia la viazi Mafinga mnauza bei gani sasa?" Nikamjibu. Akasema huko kwake kuna mteja anasubiri, tutaongea.

#31 Kande_Moto
Amekusamehe. Mtu asiyesamehe haulizi bei ya viazi.

#32 Binti_Tukuyu
Mimi nasikia kinyume. Amefunga mlango kwa adabu. Watu wa huku hatukati simu kwa ukali.

#33 Mgema_wa_Ipogolo
Au anataka tu kujua bei ya viazi, ni biashara yake. Msimtafsirie mama wa watu.

#34 Dada_wa_Njombe
Amesema "tutaongea". Subiri apige yeye.

#35 Mtoto_wa_Tazara
Mwalimu, nilikuambia unajitesa. Narudisha neno langu. Aliyesubiri ubeti mmoja miaka 17 hakuwa amesahau. Na la ukutani umelifanyaje?

#36 Mwalimu_wa_Mafinga
Nimelibandua Jumatatu kabla walimu hawajafika. Pamebaki alama nne za gundi. Mkuu wa shule aliuliza, nikamweleza, akanitazama tu, akasema tutazungumza. Kidato cha nne wao nimewaambia darasani. Mmoja akauliza kama nitapunguziwa mshahara.

#37 Malenga_Mwanjelwa
Umefanya kazi ngumu, mwalimu. Naomba tu, kama hutajali, utuwekee huo ubeti wa nane hapa tuusome.

#38 Mwalimu_wa_Mafinga
Nimeuandika nyuma ya ile karatasi, kwa penseli, kama alivyonisomea, na jina lake chini. Hapa siuweki, Malenga. Sijamwomba.